Tunapotazama Tamthilia, Tunakaa Upande wa Nani?

Waamini wengi wakiulizwa kuhusu tamthilia za televisheni, huanza kukagua: kuna uchi? Kuna uchawi? Kuna matusi? Maswali hayo ni ya haki, hasa sebuleni penye watoto. Lakini hayatoshi. Tamthilia inaweza kuwa safi kabisa, na bado ikatuacha na moyo mgumu kuliko tulivyokaa kuitazama.

Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake. Mao Doudou, muuguzi, anaolewa na Yu Wei, kijana ambaye wazazi wake walitalikiana, hivyo anajikuta na mama wakwe wawili. Hakuna upanga wala jini. Ni ugomvi wa nyumbani tu. Watanzania waliipenda, hata Rais Xi Jinping wa China akaitaja katika hotuba yake Dar es Salaam, Machi 2013.

Kwa nini watu wa mbali namna ile watuguse? Kwa sababu nyumba ile tunaijua. Hapa Babati, Mgorowa ameoa Mrangi, Mwiraqw ameoa Mmbugwe. Mkwe na mama mkwe wanakutana kwa Kiswahili, kila mmoja na desturi alizolelewa nazo, na kijana yuko katikati. Waliposikia Wachina wakigombana kwa Kiswahili, wengi walisikia jiko lao.

Uzuri wa tamthilia ile ni kwamba haikumfanya mama mkwe kuwa shetani. Ni mama anayeogopa kumpoteza mwanawe, na woga wake unatoka kwa sura ya ukali. Tamthilia nyingi hazina subira hiyo. Zinatupa mtu mbaya tangu sehemu ya kwanza, nasi tunasubiri aumbuke. Akiumbuka, tunapiga makofi. Hatukungoja atubu, tulingoja aanguke.

Tena angalia jinsi tunavyotazama. Kila mkwe anajiona Doudou. Mama mkwe naye, kwenye kiti cha pili, anamwona mkwe wake katika kila msichana jeuri. Kila mtu ni steringi wa nyumba yake, na steringi hakosi.

Mfalme Daudi alitazama hivyo hivyo. Katika 2 Samweli 12, nabii Nathani alimsimulia habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Daudi aliwaka hasira, akahukumu kifo. Hukumu yake ilikuwa kali, na hisia zake zilikuwa za kweli. Kilichokosekana ni kujitambua. Nathani ndipo akamwambia kwamba mtu huyo ni yeye.

Televisheni haina Nathani. Sehemu inaisha, matangazo yanaingia, tunakwenda kulala tukiwa na haki yetu. Jumapili mkwe na mama mkwe wanaketi benchi moja, wanapeana mkono wa amani, na hawajasemeshana tangu mavuno.

Wapendwa, sisemi tuzime. Nasema kazi ya Nathani tuifanye wenyewe. Tamthilia ikiisha usiku wa leo, kabla ya kumsema yule mbaya, kila mmoja ajiulize: humu ndani, mimi ni nani? Jibu likiuma, kesho asubuhi abishe hodi kwa mwenzake.