Nyimbo za Kulaza Watoto na Waziimbao

Waimbaji wengi wamekusanya nyimbo za Asia za kulaza watoto, za kale pamoja na za siku hizi, wakazitia katika santuri moja. Sikio hufurahi, lakini mwenye kuchunguza lugha na desturi hana budi kuuliza: wimbo huu ni wa nani?

Tutwae wimbo wa Takeda, mtaa wa mji wa Kyoto katika Japani. Mtunzi wa muziki Onoue Kazuhiko aliupata huko katika miaka ya 1960, na mwaka 1971 waimbaji wa kikundi cha Akai Tori waliueneza nchi nzima. Sauti zao zapatana vizuri, nao wauimba polepole, kwa upole. Walakini asili yake si mama aliyeketi kando ya kitanda. Ni msichana wa maskini, aliyepelekwa nyumba ya watu kulea mtoto asiye ndugu yake. Amechoka na kilio cha mtoto, naye atamani kwao. Tena Takeda palikuwa makao ya watu waliotengwa na wenzao tangu zamani. Kwa sababu hiyo vituo vya utangazaji viliuepuka wimbo huo miaka mingi. Wimbo wa Itsuki, katika kisiwa cha Kyushu, nao ni wa walezi wa namna hiyo hiyo.

Hapo ndipo ilipo kasoro ya mikusanyo. Nyimbo hizi zikiwekwa kati ya tungo mpya za kupendeza, bila neno la maelezo, msikilizaji hudhani zote ni faraja. Uzuri wa sauti haukuuharibu wimbo wa Takeda. Bila huo usingalifika mbali. Kosa ni kunyamaza juu ya mlezi.

Sisi tulio Lukozi twaweza kulifahamu jambo hili pasipo kusafiri. Katika baridi ya milima ya Usambara, mama akishuka shambani kwenye viazi na kabichi, mara nyingi mtoto hubaki mgongoni mwa dada yake, amefungwa mbeleko. Dada naye huimba. Basi mwalimu anayeandika nyimbo za Kisambaa asiridhike na maneno na sauti tu. Aandike pia ni nani aimbaye, umri wake, mtoto ni wa nani, na ni saa gani. Ikiwa ni saa ya masomo, na mwimbaji ni mtoto aliyepaswa kuwa darasani, daftari letu limepata habari kubwa kuliko wimbo. Tusilifunge kabla ya kuzungumza na wazazi wake.