Vita vya Ziwani na Watu Walioachwa Nje: Kuisoma The African Queen kutoka Lusenda

Katika enzi ya matanga, upepo ndio uliozipeleka merikebu vitani. Katika Ziwa Tanganyika, linalopiga mawimbi ufukoni Lusenda, eneo la Fizi, merikebu zilipelekwa vitani kwa nguvu za watu. Mwaka 1915 Waingereza walisafirisha mashua mbili za mota, Mimi na Toutou, kwa reli kutoka Cape Town hadi Fungurume. Kutoka hapo zilivushwa milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke, maksai, na maelfu ya vibarua Waafrika waliofyeka njia na kujenga madaraja. Tarehe 26 Desemba 1915 Kingani ya Wajerumani ikatekwa. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa.

Vita hivyo ndivyo vilivyo nyuma ya riwaya ya C. S. Forester, The African Queen (1935). Je, vibarua wale wako wapi humo? Riwaya inaanza baada ya jeshi la Wajerumani kuwaswaga wanakijiji wote. Kifani, hila hii inamfaa mwandishi: nchi inabaki tupu, na Rose na Allnutt wanapata jukwaa lao. Kimaudhui, ndipo kasoro ilipo. Dhuluma iliyotajwa mwanzoni haifuatiliwi tena; waliochukuliwa hawarudi, wala hawasemi.

Hata hivyo, tumtendee haki Forester. Katika riwaya, mashua ya wahusika hao wawili inazama kabla ya kuifikia manowari, na ushindi unakwenda kwa wengine. Hiyo ni kejeli nzito juu ya ushujaa. Filamu ya mwaka 1951 iliifuta kejeli hiyo kwa kuwapa ushindi kamili.

Ziwa lenyewe limeendelea kusimulia. Graf von Götzen, iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, iliibuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Mei 2015 ilibeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Mwaka huohuo wenzao waliokimbilia Kivu ya Kusini walipokelewa Lusenda. Watu wanaohamishwa na vita, ambao Forester aliwaondoa katika kurasa za mwanzo, ndio kiini cha kisa. Mwandishi wa Kiswahili atakayekishughulikia na aanze kwao; manowari zitafuata.