Nani Alibaini?

Sentensi mbaya kuliko zote katika rasimu ya tasnifu yangu ya umahiri ni hii: “Ilibainika kuwa ngano za Kizigua zinazosimuliwa Korogwe hazina nyimbo.” Sarufi yake ni safi. Msimamizi wangu aliipitisha bila alama ya kalamu nyekundu. Kasoro yake ni moja tu: si kweli.

Nilikuwa nalinganisha ngano za Handeni na za Korogwe. Handeni nilikwenda na shangazi yangu, na yeye ndiye aliyemwitikia msimulizi, kwa Kizigua. Msimulizi akaimba, shangazi akapokea. Korogwe nilikwenda peke yangu. Bibi alipoanza, nikamwitikia kwa Kiswahili, maana Kizigua changu ni cha kuombea maji. Naye kwa ukarimu akahamia Kiswahili, akaruka nyimbo, akamaliza upesi. Ngano haikukosa wimbo, ilikosa mwitikiaji. Mkosaji alikuwa mimi, na “ilibainika” ikanificha.

Tumefundishwa kuikwepa nafsi ya kwanza. Andika “mtafiti alimhoji” au, bora zaidi, “mahojiano yalifanyika”. Sababu tunayopewa ni kwamba “mimi” huleta majivuno. Siipuuzi. Hata kwetu, anayeanza kila sentensi na “mimi” huonekana ana kiburi. Lakini hiyo ni hoja dhidi ya “mimi”, si dhidi ya “ni-”. Katika Kiingereza nafsi ya kwanza ni neno zima, tena la herufi kubwa popote liwapo. Katika Kiswahili imeketi kwa adabu ndani ya kitenzi, na “mimi” tunaiongeza tunapotaka kusisitiza. Tazama “nilimhoji”: ni- ya muulizaji, m- ya muulizwaji, watu wawili katika neno moja. “Mahojiano yalifanyika” imewafukuza wote wawili.

“Tu-” nayo si kimbilio. “Tunaona kwamba”, mimi na nani? Bibi hakunituma nimsemee, na msimamizi hakuwapo. “Utafiti huu unaamini” ndiyo kichekesho kabisa, kwa sababu utafiti hauamini kitu. Anayeamini ni mtu, naye anaweza kukosea.

Abdallah bin Hemedi, aliyeandika Habari za Wakilindi, aliishi Mazinde, katika Korogwe ya leo, akimtumikia Semboja, mmoja wa watawala anaowasimulia. Ukilijua hilo, unakisoma kitabu kwa jicho jingine: unajua habari zimetazamwa kutoka baraza gani. Thamani yake haipungui. Mbona sisi wanafunzi tunaambiwa tufiche baraza tulilokalia?

Sidai kila sentensi ibebe ni-. Nikiandika kwamba Handeni na Korogwe zipo Mkoa wa Tanga, sihitajiki hapo. Ninahitajika pale ambapo kuwapo kwangu kulibadilisha nilichokisikia, au uamuzi ulikuwa wangu.

Nilirudi Korogwe, safari hii na shangazi. Bibi aliimba. Sentensi mpya inasema: “Mara ya kwanza nilimwitikia kwa Kiswahili, naye hakuimba. Mara ya pili shangazi yangu alimwitikia kwa Kizigua, akaimba.” Msimamizi ameizungushia duara jekundu ile ni-. Sijaifuta.