Furaha Iliyomo Katika "Tukutendereza"

Miongoni mwa nyimbo zilizoenezwa na Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, hakuna uliozoeleka kupita "Tukutendereza". Maneno yake ni ya Kiganda. Hata hivyo Mkristo wa Nkwenda, wilayani Kyerwa, asemaye Kinyambo nyumbani kwake, huuimba vivyo hivyo bila kungoja tafsiri. Twauheshimu wimbo huu. Shaka yetu ni juu ya mahali ulipowekwa. Mara nyingi huanzishwa pindi mtu amalizapo kuungama hadharani, kana kwamba furaha ni ujira wa ushuhuda uliotolewa vizuri. Je, mjane asiyeweza kusimama mbele ya watu na kuyasema ya moyoni, aketi bila furaha? Wimbo wenyewe haufundishi hivyo. Haumsifu aliyeungama, wamsifu Yesu, ambaye damu yake husafisha. Hapo wapatana na Luther kuliko baadhi ya waimbaji wake: twahesabiwa haki kwa imani, si kwa ufasaha wa kuungama. Mbuzi wa jirani na arudishwe, naam, lakini arudishwe na mtu aliyekwisha kufurahi. Tungependa basi wimbo huu uanzishwe pia kabla ya ushuhuda wowote, angali yule mjane amenyamaza.