Ua Refu na Panga Lake

Kwenye darasa la maandalizi ya safari, mwalimu alituambia Waaustralia hawapendi mtu wa kujikweza. Bosi unamwita jina lake. Ukipanda teksi peke yako unakaa mbele na dereva. Anayejiona mkubwa hukatwa kama ua la popi lililorefuka kuliko mengine. Ndivyo wenyewe wanavyosema. Tukafurahi. Mama mmoja wa Uvira akauliza, "Sasa kule hakuna wakubwa?" Mwalimu akacheka tu.

Jibu nililipata kwenye filamu, The Final Quarter ya Ian Darling, ya 2019. Haina watu walioketishwa vitini wahojiwe upya. Ni picha na sauti za wakati ule tu, zimepangwa, nawe unaachwa uamue mwenyewe. Inamhusu Adam Goodes, mwenyeji wa asili wa Australia, mchezaji wa Sydney Swans katika ule mpira wao wa umbo la yai. Alipata medali ya mchezaji bora wa ligi 2003, tena 2006. Mwaka 2013, binti wa miaka 13 akamwita sokwe uwanjani Melbourne. Goodes akamwonyesha kwa walinzi, na kesho yake akaomba watu wasimshambulie mtoto yule. Mwaka 2014 akatunukiwa kuwa Mwaustralia wa Mwaka, akazidi kusema juu ya ubaguzi. Mwaka 2015, uwanja baada ya uwanja, wakamzomea akigusa mpira, mpaka akastaafu.

Sasa wasikilize wachambuzi. Si rangi, wanasema, ni kwamba anajiangusha apewe faulo. Jamani! Alicheza miaka mingi bila kelele hizo. Kumkumbusha tajiri kwamba yeye ni mtu kama wengine ni jambo zuri, hata sisi tunalihitaji humu kambini. Lakini msemo wa ua haukuambii panga kashika nani, wala kwa nini limetoka leo na si jana.

Kasoro yake: kwa kuwa ni kumbukumbu tupu, hatumsikii Goodes akitazama nyuma kwa utulivu. Mimi nilimhitaji.

Maana sisi hapa Kakuma tuna Awer Mabil, aliyezaliwa humu humu. Mwaka 2022 kule Doha alifunga penalti dhidi ya Peru, Australia ikaenda Kombe la Dunia, naye akasema ni shukrani kwa nchi iliyoipokea familia yake. Mwaka uliofuata akawa Kijana wa Mwaka wa Australia. Nilipiga kelele kama wote. Ila tangu niione filamu hii najiuliza: wangempigia makofi vilevile kama angetumia dakika ile kulalamika?

Fomu yangu nami ni ya Australia. Nimemwomba mwalimu tuitazame darasani, sote pamoja. Bado hajanijibu.