Mizani ya Mchoraji

Ukisimama Kiganjo alfajiri, kabla mawingu hayajapanda, waweza kuuona Mlima Kenya wote, toka misitu yake hadi kwenye theluji. Chukua karatasi na rangi, uketi saa nzima ukijaribu kuuchora. Fikira zilizokuwa zikikimbia huku na huku zitatulia, nawe utasahau hata baridi. Ndiyo maana wengi husema kwamba kuchora ni kutafakari, na kwamba mchoraji hutafuta mizani ya moyo wake.

Maneno hayo ni kweli, lakini si kweli yote. Mlima haumdai mchoraji neno. Je, akitakiwa kuchora mahali palipojaa msiba, atatulia vipi bila ya kusema uongo?

Ili tupate jibu, twende kusini, tupite Karatina na Sagana, tufike Murang'a, mji ulioitwa Fort Hall zamani za ukoloni. Hapo pana kanisa la Kianglikana lililojengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo wa Kikuyu waliouawa katika vita vya Mau Mau, baada ya Hali ya Hatari kutangazwa mwezi wa Oktoba 1952. Ndani yake, mwishoni mwa miaka ya 1950, Elimo Njau alichora picha tano kubwa ukutani. Njau alizaliwa Marangu, chini ya Kilimanjaro, mwaka 1932, akasoma sanaa Makerere kwa mwalimu Margaret Trowell.

Picha hizo zaonyesha kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo wake, karamu ya mwisho, bustani ya Gethsemane, na msalaba. Watu wake ni Waafrika, na nchi yao ni nchi ya Murang'a. Huenda mtu akadhani kwamba mchoraji amebadili rangi ya nyuso tu. La hasha! Angefanya hivyo angekuwa amenakili, na Njau mwenyewe alifundisha kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi.

Yafaa tukumbuke kwamba katika vita vile nyumba moja iligawanyika: huyu aliingia msituni, ndugu yake akashika bunduki ya serikali. Ukuta wa ukumbusho ungeweza kuwa ukuta wa kulaumu. Njau, kwa kumweka Yesu katika vilima vya hapo, amemweka mbele ya watu maiti mmoja ambaye kila mama, wa upande huu au ule, angeweza kumlilia kama mwanawe. Hiyo ndiyo mizani ya kweli. Mizani tupu nayo husimama sawa, lakini haijapima kitu.

Lakini mhakiki hana budi kusema na upungufu. Kanisa lile lilijengwa kwa ajili ya wafu wa upande mmoja. Waliokufa msituni hawakujengewa ukuta hapo, wala picha, hata iwe nzuri namna gani, haiwezi kuliondoa jambo hilo. Tena, kati ya picha tano hakuna ya ufufuo. Mwingine ataona kwamba kazi imekatika. Mimi naona ni uaminifu: kidonda kilikuwa kibichi, na mchoraji hakukubali kukifunika kwa faraja ya haraka.

Basi, msomaji, rudi Kiganjo na karatasi yako. Utazame tena ule msitu uuzungukao mlima, ulioupaka kijani kwa mkono mwepesi. Humo ndimo walimojificha wapiganaji, na wengi wao hawakurudi. Siwezi kukuambia uwachore au usiwachore. Lakini utulivu uupatao baada ya kulijua jambo hilo ndio utakaodumu, na picha yako itakuwa na uzito ambao ile ya kwanza haikuwa nao.