Jina la Kosa: Juu ya Filimu «The Accused»
Filimu hii ilitoka mwaka 1988, nayo iliongozwa na Jonathan Kaplan. Si mpya, na wengi wameisifu. Jodie Foster alipata tuzo la Oscar kwa ajili yake. Twaitaja hapa kwa sababu inauliza jambo ambalo watu wa Fizi na Baraka wanalijua kuwapita wenye kutengeneza sinema: prokireri ana ruhusa ya kupatana na mwenye kosa mpaka wapi?

Habari yenyewe ni hii. Sarah Tobias, mhudumu wa mkahawa, ananajisiwa kwa nguvu ndani ya baa na wanaume watatu, huku wengine wakipiga makofi na kuwachochea. Msaidizi wa prokireri, Bibi Kathryn Murphy, anapima mambo: Sarah alikunywa pombe, alivuta bangi, alicheza dansi na mmoja wao, raia 12 wenye kuamua hawatamsadiki. Basi anapatana na maavoka. Wale watatu wakubali kosa la «kuhatarisha mtu pasipo kujali», wafungwe, lakini neno la kunajisi lisitajwe. Sarah anaisikia habari hiyo kwa televisheni. Anakimbilia nyumbani kwa Murphy, anamkuta mezani pamoja na wageni, na kumlaumu mbele yao wote.

Hapo filimu ni nzuri kweli. Murphy si mla rushwa wala mvivu. Amewapeleka wabaya gerezani, na hesabu yake ni ya mtu mwenye akili. Hata hivyo ametoa kitu kisicho chake. Miaka ya kifungo ni mambo ya Leta, na Leta yaweza kuipunguza. Lakini jina la tendo lile? Aliyetendewa hakuulizwa hata neno moja. (Padri yeyote ajua kwamba mwenye kuungama wizi hasemi alikuwa anatembea usiku.)

Kwetu Congo mapatano ya namna ile ya Marekani hayamo katika desturi ya tribinali. Tunayo mengine: amande ya mapatano, iliyowekwa na dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959. Mwenye kosa akilipa kiasi anachotajiwa, mashtaka yanazimika. Kwa makosa madogo inafaa. Lakini sheria ya tarehe 20 Julai 2006 ilikataza: unajisi hauzimwi kwa amande. Mbuzi waliopelekwa usiku kwa baba wa msichana, nao hawazuii prokireri kufuata neno lile.

Miaka 5 hivi baadaye tukaona kazi yake. Tarehe 1 Januari 2011 askari wa jeshi waliingia Fizi wakapora na kunajisi. Mwezi wa pili tribinali ya jeshi ikasafiri mpaka Baraka, kando ya ziwa, ikawasikiliza wanawake 49. Luteni-Kanali Kibibi Mutware alikana yote. Prokireri hakumtafutia jina jepesi. Aliomba hukumu ya kufa. Tarehe 21 Februari Kibibi alipata miaka 20, na jina la kosa likatamkwa waziwazi: uhalifu juu ya ubinadamu.

Mwenye kukumbuka Baraka ataona kilema cha filimu hii. Katika sehemu ya pili Murphy anajuta, anawashtaki wale waliochochea. Sarah anasimama, anasimulia yote, nasi tunauona uso wake tu. Kiisha anakuja Ken, kijana mwanafunzi, rafiki wa mmoja wa wafungwa. Naye anapoanza kusema, ndipo tunaonyeshwa baa na mambo yote yaliyotendeka. Mtu atajibu kwamba sheria ilimhitaji shahidi aliyewaona wenye kupiga makofi. Ni kweli, tribinali ilimhitaji. Sinema haikumhitaji. Kaplan angeweza kutuachia uso wa Sarah na sauti yake, asituonyeshe kitu kingine kabisa. Amefanya sawasawa na Murphy wa mwanzo: hakusadiki kwamba neno la mwanamke latosha, akamtafuta mwanamume wa kulithibitisha.

Filimu hii haifai kwa watoto, wala kwa kundi kubwa la vijana pasipo mtu wa kuwafafanulia. Wakubwa waitazame, hasa wenye kujifunza sheria, nao wakiona vema waizime pale Ken anapoitwa.